Wafuasi 18,000 TikTok, laki tatu mfukoni, nataka kuwa MCA 2027: pesa nizitie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa kaunti ya Kilifi, nalifupisha kidogo: "Salaam kaka. Nina miaka 27, nauza nguo na nafanya video za TikTok za maisha ya huku kwetu, nina wafuasi 18,000. Nataka kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi, 2027, nimejibana nimeweka 300,000. Wenzangu waniambia siku hizi kura ziko kwa simu, niachane na mikutano na kukodi magari ya spika, pesa yote niiweke kwa mitandao, mbona Gen Z walitikisa serikali kwa TikTok. Mamangu naye asema nikizungumza na simu, basi simu ndo itanipigia kura. Nani yuko sawa, na nianzie wapi?"

Waaleikum salaam dadangu, na asante kwa kuniandikia kwa urefu mpaka ukanitajia pesa ulizonazo, watu wengi hunificha hapo halafu ushauri wangu hauwafai. Nimefanya kazi ya kampeni za mitandaoni huku pwani kwenye uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022, kuna tulioshinda nao na kuna tulioanguka nao, na ntakwambia nilivyoona kwa macho yangu. Mamako yuko karibu na ukweli kuliko wenzako. Simu haipigi kura, hilo ni kweli, lakini simu ina kazi zake ambazo hakuna gari la spika linaloweza kuzifanya, na ukizijua hizo kazi utashangaa pesa zinazohitajika ni kidogo.

Tuanze na hesabu manake hapa ndo wengi hupotea. Uchaguzi wa 2022 rejista ya IEBC, tume ya uchaguzi, ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 nchi nzima, na wadi ziko 1,450, ukigawanya wadi moja inapata kama watu 15,000 na ushee. Waliojitokeza walikuwa karibu 65 kwa kila 100, kwa hivo wadi ya wastani ni kama watu 10,000 waliosimama foleni siku ile. Mkiwa wagombea sita saba mnaogawana hao, mwenye 3,500 au 4,000 anaenda bunge la kaunti. Sasa jitazame wewe, wafuasi 18,000, ni wengi kuliko rejista nzima ya wadi ya kawaida, na ndo maana wenzako wanaona umeshashinda. Lakini TikTok haijui mpaka wa wadi. Tuseme umeweka video ya mamako anakuna nazi kwa mbuzi, inapelekwa popote penye mtu anayependa video za nazi, Bungoma, Eastleigh, Dar, Jeddah, Doha, na mtu wa Bungoma akikulaiki anakulaiki kwa moyo mweupe kabisa, ila jina lako halitakuwa kwenye karatasi yake ya kura.

Nikupe kisa changu. Mwaka 2017 nilikuwa nasimamia ukurasa wa Facebook wa mgombea mmoja wa MCA, simtaji jina. Ukurasa ulikuwa mzuri wallahi, picha safi, posti moja inapata laiki 900, na jioni sisi vijana wa kampeni tunakaa maskani tunahesabu laiki kama tunahesabu kura. Kuna video moja tulimchukua nje ya shule ya msingi, amesimama chini ya mwembe anaongea kuhusu maji, mfereji nyuma yake umekauka, ikatazamwa mara elfu 40. Usiku wa tarehe 8 Agosti nilikuwa kwenye shule hiyo hiyo, ndani ya darasa la tatu, stima imepotea wamewasha taa za betri, ofisa anainua karatasi moja moja anawaonyesha maajenti halafu anasoma jina. Chumba kile tulipata kura 11. Nilitoka nje nikasimama pale pale chini ya mwembe nikawa najiuliza, wale elfu 40 walikuwa kina nani?

Baadae nilikaa nikazipitia komenti zote, moja moja, siku mbili nzima. Wengi walikuwa watoto wa kijiji kile kile lakini walishaondoka zamani, wako Mombasa mjini, wako Nairobi, wasichana wengi wako Saudia na Qatar wanafanya kazi za nyumbani. Wanakipenda kijiji chao kwa machozi, na wanapiga kura kwengine au hawapigi kabisa. Sisi tulikuwa tunawaambia "nipigieni kura" wakati hawana kura ya kutupa. Na kitu walichokuwa nacho hatukuwahi kuwaomba, manake hao ndo wanaotuma pesa ya sukari kila mwisho wa mwezi. Mtoto aliyelipa mabati ya nyumba akimpigia mamake akamwambia "mama, huyu msichana namjua, mpeni", hiyo simu moja ina uzito kuliko bango kubwa la barabarani. Kwa hivo wafuasi wako wa mbali usiwatupe, ila badilisha unachowaomba. Waambie wapige simu nyumbani wamuulize mama ama shangazi kama amekusikia, na kama hajakusikia wakuandikie anakaa wapi uende ukamsalimu, na uende kweli.

Wenzako wakikwambia kutrendi ndo kushinda, wakumbushe George Wajackoyah. 2022 sidhani kuna mgombea urais aliyependwa mitandaoni kama yeye, bangi, ufugaji wa nyoka, kila kijana ana video yake kwa simu, hata nje ya Kenya watu walikuwa wanamshangilia. Hesabu ilipotoka alikuwa na kura 61,969, yaani 0.44 kwa mia, kwenye uchaguzi ambao William Ruto alipata 50.49 na Raila Odinga 48.85. Watu walimfurahia, wakacheka naye, siku ya kura wakafikiria unga na wakapiga kura kwengine. Kumtazama mtu hakugharimu chochote, ila kusimama foleni tangu alfajiri na jua la Agosti ni jambo jengine.

Na hili la Gen Z nataka tulizungumze kwa heshima manake watu walikufa pale. Juni 2024 ni kweli mitandao ilifanya kitu ambacho vyama vyote vya upinzani havikuweza. Vijana walichukua mswada wa fedha, kitabu kizito cha lugha ya mawakili, wakautafsiri kwa video za dakika moja, wengine kwa Kiswahili wengine kwa lugha za nyumbani, wakaeleza mkate utapanda kivipi, namba za wabunge zikasambazwa wakapigiwa simu mpaka wakazima. Tarehe 25 wakafika mpaka ndani ya Bunge na tarehe 26 rais akasema hatii saini. Mimi niliangalia nikalia. Lakini maandamano na kura ni vitu viwili tofauti dadangu. Maandamano yanataka watu wengi wenye hasira kutoka popote wakutane mahali pamoja siku moja. Kura inataka watu wa mahali pamoja, waliojiandikisha miezi mingi kabla, wakati hasira haipo na hakuna kamera. Na hapo ndo tunapoumia, manake 2022 IEBC walipotoa rejista vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa 39.84 kwa mia, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa 5.27 kwa mia ukilinganisha na 2017. Nchi imejaa vijana, simu zimejaa vijana, na rejista imewapoteza.

Basi kazi ya kwanza ya TikTok yako ndo hiyo, na uianze sahii, sio 2027. Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako na msichana mmoja ambaye hajawahi kujiandikisha, mchukue video tangu anatoka nyumbani mpaka anatoka mle ndani, onyesha ni matatu gani amepanda, nauli ngapi, ameulizwa nini, kitambulisho kinawekwaje, imechukua dakika ngapi. Usitaje kwamba wewe ni mgombea. Kijana wa miaka 19 hajiandikishi kwa sababu anaogopa asichokijua, anafikiri ataulizwa maswali ataaibika, sasa akiona mwenzake ametoka anacheka, ataenda. Kila utakayemsaidia hivo ana jina lako moyoni kabla hata hujachapisha bango.

Sasa utasikia watu wanasema mitandao inaiba akili za watu, wanataja Cambridge Analytica. Hiyo kampuni ya Uingereza ilifanya kazi na upande wa Uhuru Kenyatta 2013 na tena 2017, na Machi 2018 Channel 4 waliwarekodi wakubwa wake kwa siri wakijisifu kwamba wamekibadilisha chama sura mara mbili, wameandika manifesto, wamefanya utafiti wa watu 50,000 mara mbili. Chama kikajibu kwamba kililipia mambo ya chapa na matangazo tu. Mwezi Mei mwaka huo huo kampuni ikafungwa. Maoni yangu mimi ambaye nilikuwa uwanjani, uchawi wao walioutangaza siuamini sana, wauzaji hupenda kujisifu mbele ya mteja. Kilichofanya kazi kilikuwa kitu cha zamani kabisa, hofu. 2017 kulikuwa na video inazunguka ikionyesha Kenya ya kesho iliyojaa vita na njaa ikiwa Raila angeshinda, na shirika la Privacy International likaja kufichua kwamba kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Mwaka huo huo zilitoka video zilizotengenezwa zikafanana na taarifa za BBC na CNN, zikionyesha kura za maoni ambazo mashirika yenyewe yalizikana. Watu waliosambaza hawakuwa wabaya, walikuwa shangazi zetu na walimu wetu, na waliogopa.

Wewe utakuja kuletewa hiyo biashara kwa kiwango chako, usishangae. Atakuja kijana mwenye lugha tamu akwambie ana akaunti 200, anaweza kukutrendisha, anaweza kumchafua mpinzani wako. 2021 Mozilla walitoa ripoti kuhusu biashara hii hapa Kenya, walikuta vijana wanalipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni za hashitegi za kuwachafua majaji na wanaharakati wakati wa kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Kwa MCA hiyo ni pesa ya kumwaga baharini kwa sababu mtandao wa X, ile Twitter ya zamani, na naisema hivi kwa uhakika kabisa, haufiki kule ndani kwenye kura zako. Na pia ni haramu kumzushia mtu. Mkatalie, na usimkopeshe hata bando.

Haya, mtandao ambao unafika ni upi? Ni WhatsApp, na sio posti, ni voisi. Kaa ufikirie wadi yako kuna grupu ngapi, grupu la chama cha kina mama, la wazazi wa shule, la boda wa steji, la msikiti, la kwaya, la matanga ya mzee fulani ambalo matanga yaliisha mwaka juzi na grupu bado lipo watu wanatumiana salamu za asubuhi. Kila grupu lina admini na huyo admini ndo chifu wa siku hizi. Hao maadmini labda ni watu 60, 70 wadi nzima. Wajue kwa sura. Uende nyumbani kwao, sio uwatumie ujumbe, ukanywe kahawa ukae jamvini umuulize grupu lake watu wanalia na nini. Usimuombe akuingize, muombe tu akiona kitu kinachokuhusu akuulize wewe kwanza kabla hajakifowadi.

Nitakwambia kwa nini nasisitiza hapa. 2022 nilifanya kazi na mama mmoja aliyekuwa anagombea udiwani, hana pesa, pesa yake ilikuwa kama yako. Tangu mwezi wa tatu kila Ijumaa baada ya isha alikuwa anarekodi voisi ya dakika mbili tu, kwa Kigiriama na Kiswahili amechanganya kama anavyoongea nyumbani, anaanza "ni miye, nimetoka sokoni", anaeleza wiki hiyo amekwenda wapi na ameambiwa nini, anataja kijiji kwa jina, kisima kwa jina, daraja kwa jina. Hakuna muziki wala kelele. Watu wakaizoea, ikichelewa wanaulizana mbona mama wa Ijumaa hajatuma. Sasa usiku wa kuamkia kura, saa nne na dakika kadhaa, ikaingia voisi kwenye magrupu, sauti ya mwanamke, inasema yeye amekaa na wazee, amejitoa, anamuachia fulani kwa ajili ya umoja wa jamii, na anawashukuru wote. Ndani ya robo saa ilikuwa imefika kila mahali na alama ya mishale miwili juu yake, imefowadiwa mara nyingi. Kwa mgombea mwengine hiyo ingekuwa kifo. Lakini wale kina mama waliisikiliza wakasema huyu siye, sauti ya mama yetu tunaijua, yeye akisema "kisima" huivuta, na mbona hajaanza na "ni miye". Maadmini wakatupigia simu wenyewe. Saa nne na nusu tukatuma voisi yake, kelele za jogoo na watoto nyuma, "ni miye, niko jikoni, sijajitoa, kesho saa kumi na moja niko foleni", na video ya sekunde kumi ameshika gazeti la siku hiyo. Kesho yake akashinda kwa tofauti ndogo ya kura. Nakwambia zile Ijumaa ishirini ndo zilimuokoa usiku ule, manake ukweli unahitaji watu wawe wanakujua kabla uwongo haujafika.

Na sasa hali imekuwa ngumu zaidi kwa sababu kuna programu za akili mnemba zinazoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde chache tu, na wewe una mamia ya video zako hadharani. Kwa hivo pamoja na sauti, wekeana na maadmini wako alama, tuseme jambo lolote kubwa unalithibitisha kwa kupiga simu ya video kwa maadmini watatu waliokubaliana. Usingoje usiku wa mwisho kulipanga hili.

Kwa kuwa wewe ni msichana, nikwambie jengine ambalo wanaume hawaambiwi. Watakushambulia mwili wako. Wataweka picha za kutengenezwa, wataandika uliolewa wapi ukaachwa wapi, kwamba pesa za kampeni umepewa na mwanamume fulani. Nimewaona wanawake wazuri wakijitoa kwa sababu ya hiyo kitu na inaniuma sana kwa sababu ndivo ilivyokusudiwa. Usisome komenti mwenyewe. Tafuta mtu mmoja unayemuamini, dadako au rafiki, yeye ndo awe na nywila ya ukurasa, asome, afute, apige skrinshoti kila tusi na tarehe na jina la akaunti aweke kwenye faili. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 inawahusu wanaomsumbua mtu mitandaoni, na skrinshoti yenye tarehe ndo ushahidi wako. Mamako na wazee wa nyumbani waambie mapema haya yatakuja, wasije wakayaona kwa simu ya jirani. Na moyo usivunjike, 2022 Bomet walimchagua Linet Toto Chepkorir mwakilishi wa wanawake akiwa na miaka 24, hakuwa na jina wala mali, alizunguka kwa watu tu.

Matangazo ya kulipia nayaeleza haraka manake hayahitaji maneno mengi. TikTok hawaruhusu matangazo ya siasa ya kulipia kabisa, yeyote atakayekwambia atakupitishia anakula pesa yako. Facebook wanaruhusu lakini uthibitishe kitambulisho chako na tangazo liandikwe nani amelipia, na hilo lifanye mapema sio wiki ya mwisho. Uzuri wa Facebook ni kwamba unaweza kuchora duara kuzunguka mahali kwenye ramani, ukalipia watu wa hapo tu, hii ndo njia pekee ya kuiambia mitambo yao mpaka wa wadi angalau kwa kukisia. Kwa wewe elfu 20 kwa kampeni nzima inatosha, tumia kwa kutangaza mkutano wa kesho upo wapi. Na usitegemee kampuni hizi kukulinda. Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove waliipima Facebook kwa matangazo ya uchochezi wa Kiswahili na Kiingereza, ya Kiswahili yakapita, ya Kiingereza yakarudishwa kwa makosa ya sarufi na matusi, yakarekebishwa kidogo yakapita pia. NCIC, tume ya uwiano wa kitaifa, wakawapa Facebook siku saba wajirekebishe. Ikiwa Kiswahili ambacho ni cha mamilioni hawakisimamii, je Kigiriama? Kwa hivo mlinzi wa magrupu yako ni yule admini uliyekunywa naye kahawa.

Namba za watu nazo, tahadhari. Utaletewa orodha, mtu wa duka la M-Pesa ama karani wa kikundi atakwambia ana namba 3,000 za wadi yako. Usichukue. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini hata bila sheria, kumbuka Juni 2021 Wakenya walipoingia kwenye mfumo wa msajili wa vyama wakajikuta wameandikishwa vyama ambavyo hawajawahi kuvijua, hasira ile bado watu wanayo. Mtu akipata ujumbe wako na hajui namba umeitoa wapi, umeshampoteza. Na hili linakugusa kwa njia nyengine, ukikosa tiketi ya chama kwenye mchujo ukaamua kusimama huru, utahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa wadi ambao si wanachama wa chama chochote, sasa wako wengi wameandikwa chama bila kujua na sahihi zao zitakataliwa. Waonyeshe watu kwa video jinsi ya kuangalia jina lao na kujitoa. Hata wewe jiangalie leo.

Kazi ya mwisho ya simu, na kwangu mimi ndo kubwa kuliko zote, ni siku yenyewe. 2022 kulikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229, ukigawanya kwa wadi ni kama 32 kwa kila wadi. Kwenye kila kituo matokeo ya MCA yanaandikwa kwenye fomu 36A, maajenti wanatia saini na wanapewa nakala. Kwa urais IEBC waliweka fomu 34A za nchi nzima kwenye tovuti yao wazi, na nchi ilikaa macho usiku na mchana watu wanazishusha na kujumlisha wenyewe, wanafunzi, madaktari, watu wa kawaida kabisa, na fomu bandia ikitokea mitandaoni mtu anaiweka pembeni ya ile ya tovuti inaumbuka dakika hiyo hiyo. Lakini ya MCA hakuna atakayekukalia macho, ni wewe na watu wako. Unahitaji watu 32 wenye simu yenye chaji, bando, na kamera inayosomeka, walioapishwa, waliokula, wanaojua kwamba hawatoki chumbani mpaka wapige picha ya fomu yenye saini na muhuri wakatume kwa grupu moja ambalo lina mtu mmoja tu anayejumlisha. Wafanyishe mazoezi mara mbili kabla, na karatasi za uwongo, usiku, kwa taa ndogo. Picha ya ukungu haina faida mahakamani wala kwenye ukumbi wa kujumlisha.

Kwa hivo laki tatu zako ningezigawa hivi. Ada ya IEBC kwa MCA 2022 ilikuwa 5,000 na kwa mwanamke na kijana 2,500, hiyo ni ndogo, ada ya chama ndo utaiulizia. Maajenti 32, chakula, nauli, bando na kibeteri cha kuchajia kwa wasio nacho, weka 90,000 uzifungie kabisa usiziguse hata ukilia. Nauli yako ya kutembea kijiji kwa kijiji na kahawa za maadmini miezi yote, 80,000. Mikutano midogo ya vikundi, viti na chai na spika ya mkononi, 60,000. Simu nzuri yenye maikrofoni na bando la mwaka, 35,000. Facebook 20,000. Iliyobaki, 15,000, ni ya hizo ada na dharura manake dharura haikosi, na ada ya chama ikizidi hapo itabidi upunguze viti na chai kabla hujagusa za maajenti. Utaona mitandao yenyewe haikufika hata humusi ya pesa, na bado simu iko kwenye kila mstari.

Wiki hii nataka ufanye jambo moja tu. Weka video fupi TikTok, usitaje siasa, uliza: "2022 ulipiga kura shule gani, na foleni yenu ilifika wapi?" Watakuja wa Kakamega na wa Dar watakuchangamkia, wajibu vizuri. Halafu chukua daftari uandike kila mtu aliyetaja shule iliyo ndani ya wadi yako, mmoja mmoja, kwa jina la shule. Shule ambazo hazijatajwa hata mara moja, chora mstari chini yake, huko ndo unaanza kutembea Jumamosi na mamako umchukue mwende pamoja. Uniandikie umepata wangapi kati ya wale 18,000.